Rangi ya Kucha kwenye Risasi

Hakuna aliyemwambia Gesina kwamba amemuua mumewe. Walimletea keki. Walimshika mkono mlangoni pa kanisa, wakaangalia viatu vyao, wakaenda zao. Lakini bonde zima la Limpopo lilijua kwamba risasi za Faan hutengenezwa na mkewe, na Lourens, mdogo wake Faan aliyekuwa naye siku hiyo, alishasema mbele za watu: nyati alipigwa moja, Faan akavuta komeo la bunduki atie ya pili, ganda likanasa. Nyati hakungoja. Mengine watu walijijazia wenyewe.

Gesina naye alijilaumu mpaka chakula kikawa hakipiti. Kazi ya kumjazia Faan risasi aliianza tangu uchumba. Baruti aliipima kwa mizani kama dawa ya mtoto, kisha akaipunguza kidogo, maana Oktoba ya bondeni si mchezo: risasi ikichemka juani, baruti hukasirika kupita kiasi, na ganda hutanuka likang'ang'ania ndani ya bunduki. Kila moja aliijaribu kwanza kwenye bunduki ya Faan, iingie na kutoka bila kubembelezwa. Ya kupigwa kwanza ilikuwa ya kichwa laini, inayopasuka mwilini isije ikatokea upande wa pili na kumjeruhi nyati mwingine. Za kufuata zote za kichwa kigumu, za kuvunja mfupa. Mwisho alipaka fataki, kile kiwashio cha kitakoni, rangi nyekundu ya kucha zake, unyevu usiingie. Lourens alizicheka. Risasi za kwaya ya akina mama, alisema. Za kwake alizijaza huko mlimani kwake, kwenye baridi ya Juni, baruti hadi shingoni.

Polisi waliporudisha mkanda wa risasi wa Faan, Gesina alimwaga risasi zilizobaki juu ya meza ya jikoni, akazigeuza kitako juu. Hata moja haikuwa na nyekundu. Akafungua droo: za kwake zilikuwa pale, hazijaguswa. Akaketi, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa uchungu na kwa hasira pia, hasira juu ya Faan aliyeona haya kubeba risasi za mkewe mbele ya mdogo wake.

Jumamosi Lourens alikuja. Nyati yule alikuwa bado vichakani na jeraha lake, karibu na njia ya wafanyakazi, na ilimpasa ndugu wa marehemu kummaliza. Bunduki ya Faan ilikuwa ya baba yao, na Lourens alikuja kuichukua. Gesina alimmiminia kahawa, akamwekea bunduki mezani na mkanda kando yake. Lourens hakuugusa mkanda.

"Shemeji," akasema, akikoroga kahawa isiyo na sukari, "zile zako nyekundu zimebaki?"

"Za nini tena? Si ndizo zilizomuua kaka yako?"

Lourens akaendelea kukoroga.

"Nijibu, Lourens."

"Nilimpa zangu asubuhi ile. Nilikuwa namtania tu, shemeji. Nilimwambia avue gauni, abebe za kiume."

Gesina angeweza kumwacha aende na risasi zake mwenyewe. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu. Lakini Lourens ana mke, na Gesina alishajua ujane una ladha gani. Akamtolea za droo, laini moja na ngumu nne, akazipitisha moja moja kwenye bunduki mbele yake.

"Kesho kanisani utawaambia."

"Nitawaambia. Naapa kwa kaburi la kaka."

Nyati alianguka jioni ile ile. Kesho yake, baada ya ibada, wanaume walimzunguka Lourens wakimpiga mgongoni, na Gesina akasimama nyuma yao akingoja. Mmoja akauliza alitumia risasi gani. Lourens alimwona Gesina, akawageukia tena wenzake.

"Mtu akijitengenezea mwenyewe," akasema, "hana wasiwasi."

Mama mmoja akamwomba amjazie risasi mwanawe pia, anayekwenda kuwinda wiki hiyo. Hapo Gesina akapenya katikati yao. Akasema wasikie wote kwamba kijana asipewe risasi za Lourens, zitanasa, ndizo zilizomuua Faan. Na zilizomwangusha nyati jana zilitoka kwenye droo yake yeye.

Hakuna aliyebisha. Yule mama alimshika bega kwa upole.

"Yatosha, Gesina. Sisi hatukulaumu," akamwambia, kisha akamgeukia Lourens kumwuliza azifuate siku gani.