Udhuru wa Baba

Profesa aliyemsimamia binti, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Bwana Kwa-Nini kwa kuwa hakujua kuuliza kingine, alimrudishia sura ya mbinu za utafiti ikiwa na mstari mmoja tu wa wino mwekundu. Binti alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari kuhusu mito inayopita nchi zaidi ya moja. Je, sheria ya kimataifa inailazimisha nchi ya juu kuiarifu ya chini kabla ya kufunga maji? Alikuwa amekusanya rundo la taarifa ambazo nchi zilipelekeana, kazi iliyomtoa jasho. Profesa akamwandikia: anayekuamkia kila asubuhi ana adabu tu, au ana wajibu?

Taarifa zilionyesha nchi hufanya nini. Hazikuonyesha kama zilijiona zimefungwa na sheria. Asipopata njia ya kutenganisha mazoea na sheria, jopo la wahadhiri lililopangwa kumsikiliza Ijumaa lingemtaka abadili mada, na miaka yake yote iende na maji.

Jioni akapitia kwa mama yake kumchukua mwanawe. Ilikuwa nyumba ile ile ya kupanga aliyokulia, ya chini, na jikoni mle mle. Mtoto alikuwa amejipenyeza chini ya sinki akichezea koki kuu, ile inayofunga maji ya jengo zima.

"Mwache," mama akasema huku akikunja nguo. "Amerithi cheo cha babu yake."

Wakacheka. Marehemu baba alikuwa mwalimu, lakini kwa majirani cheo chake kilikuwa koki. Kila palipokuwa na matengenezo, alivaa ndara zake akapanda ngazi kumwarifu Bi Ghorofani, jirani wa juu, kabla ya kufunga maji. Na akifika alipiga soga hadi mama akamwuliza kama amekwenda kuarifu au kuposa.

"Alikuwa na adabu zake, basi," binti akasema kwa unyonge. Hata baba alikuwa kama zile nchi.

Mama akamkumbusha siku bomba lilipopasuka, baba akafunga bila kumwambia mtu. Hapo binti akaiona picha yote: Bi Ghorofani mlangoni, povu la sabuni likimchuruzika sikioni, akisema taratibu kwamba mwalimu amemfungia bila kumwambia. Koki ilikuwa jikoni kwa baba. Angeweza kumjibu kwamba hana deni naye.

"Kwani alimjibu nini?"

"Akatoa udhuru," mama akasema. "Bomba limepasuka, jikoni kumefurika, sikuwahi kupanda. Alijieleza wee, mpaka mwenzake akamwonea huruma."

Binti akakaa juu ya nguo zilizokwisha kukunjwa. Mama akamtazama, asimfukuze.

Ijumaa aliliambia jopo kwamba siku ambazo taarifa zilipelekwa angeziweka kando. Angetafuta siku ambazo hazikupelekwa: nani alilalamika, kwa maneno gani, na aliyelaumiwa alijibu nini. Nchi ikisema haiwajibiki, huo ni ushahidi dhidi ya hoja yake mwenyewe, naye angeuandika. Ikitoa udhuru, basi imeukubali wajibu ule ule ilioshindwa kuutimiza.

"Na itakayonyamaza?" akauliza mjumbe mmoja.

"Kimya bado sijui kukisoma. Lakini sitakiandika kuwa ndiyo."

Wakanong'onezana, kisha wakamruhusu aendelee na mada yake, mradi suala la kimya alitengee sehemu yake. Bwana Kwa-Nini alimsindikiza hadi mlangoni, akataka kujua njia hiyo ameitoa kitabu gani.

"Jikoni kwetu, profesa."

"Basi hiyo usiiweke kwenye tanbihi."

Alishuka ngazi akicheka peke yake. Alipofika chini akatoa simu ampigie mama, akasimama kidogo kwanza, kwa kuwa mtu aliyetamani kumwarifu kabla ya wote hakuwa na simu tena.