Ndiyo ya Mulinge

Mulinge alianguka akiezeka jiko la mama yake huko Matinyani, akavunjika mguu. Tangu hapo dunia yake ikawa kitanda, magongo na kile kisanduku cheupe cha intaneti pale dirishani. Alikiweka kwa sababu ndani ya nyumba ile simu iliweza kupiga na kupokea tu. Video haikushika kabisa. Mwuzaji aliapa kwamba hata mvua inyeshe, mtandao hautayumba. Ikawa hata jua likiwaka unayumba, na kila akilalamika anajibiwa neno lile lile: zima, subiri, washa.

Asubuhi ya kesi alizima, akasubiri, akawasha. Muthoki, mke waliyeachana naye, alikuwa amepata kazi Kisumu na alitaka kuhama na binti yao, Kaveke. Mahakama ya Kitui ilisikiliza kesi kama hizo kwa video, na kwa mtu aliyefungwa plasta hadi pajani hiyo ilikuwa afueni. Alivaa shati la kanisani, akaegemeza simu kwenye birika.

"Bwana Mulinge," hakimu akauliza, "unakubali mtoto ahamie Kisumu na mamake?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, Muthoki ni mama mzuri, sikatai. Lakini mtoto asihamishwe katikati ya muhula, na mimi nitamwona lini? Naomba abaki."

Hakimu alikunja uso. "Tumesikia 'ndiyo, Muthoki ni mama mzuri,' kisha sauti ikapotea. Una la kuongeza?"

Mulinge akarudia. Akapaza sauti. Akapunga mikono yote miwili.

"Picha yake imeganda," karani akasema.

Aliwasikia vizuri, kila neno. Sauti yake tu ndiyo haikutoka mle chumbani. Kwa simu yake nyingine ndogo alipiga namba ya mahakama, ikawa inatumika. Akapiga tena. Mama yake alikuja mlangoni akidhani ameanguka, akamkuta akiipigia simu kelele, shingo imemtoka mishipa.

Hakimu alingoja, kisha akatazama faili lililofuata. "Mahakama inachukulia kwamba baba ameridhia. Mtoto anaruhusiwa kuhama."

Skrini ikazima.

Alimpigia Muthoki.

"Sikukubali. Nilisema Kaveke abaki."



"Baba Kaveke," Muthoki akasema polepole, "nilijua hujamaliza kusema."

"Na ukanyamaza?"

"Kazi haitaningojea. Ningesema nini?"

Mulinge alikata simu. Hasira ilimpanda. Akamwita jirani yake Nyamai, wa bodaboda.

"Utakaaje na mguu huo?" Nyamai akauliza.

"Nitaunyoosha kando. Wewe endesha tu."

Walikwenda polepole hadi Kitui, kila shimo likimpasua goti. Karani alipokea ombi lake la kusikilizwa upya, akapiga muhuri. Akasema hakimu atalisoma baada ya wiki mbili.

"Na mpaka wakati huo?"

"Amri inabaki ilivyo, mzee."

Jumamosi Kaveke alipiga simu akiwa ndani ya basi la Kisumu. "Baba, mama anasema ulikubali."

"Sikukubali, mwanangu. Hawakunisikia."

"Lakini mimi nakusikia," mtoto akasema, na basi likaondoka.