Mji Ulio Tambarare Kama Meza

Pale ofisini walimwita Kaonakote, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata siku ile mteja mmoja alipouliza kama hoteli fulani ya ng'ambo ina kelele, naye binti akajibu bila kupepesa macho: kelele zipo asubuhi, lori la taka likipita, lakini omba chumba cha nyuma utalala kama mtoto. Mteja akaenda, akarudi anashangilia. Lori alilikuta, na chumba cha nyuma alikikuta. "Huyu kaona kote!" bosi akatangaza, na tangu siku hiyo wateja wa ofisi ile ya safari wakawa wanazipita meza nyingine zote kwenda kwake.

Kuona? Aone wapi! Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi, kwenda kwa shangazi yake, tena alitapika njia nzima. Alichokuwa nacho ni simu ya ofisi na udadisi usiojua kuchoka. Picha za matangazo hakuziamini, maana kila picha ina bwawa la kuogelea na watu wanaocheka meno yote nje. Kwa hiyo alipiga simu hotelini, akampata mtu wa mapokezi, akaanza: "Samahani, hebu nichungulilie dirishani. Unaona nini? Anayepita kavaa koti? Mlango ukifunguliwa inaingia harufu gani?" Akisikia mtu anaanza kukariri maneno ya tangazo, humkatiza hapo hapo. "Usiniambie unachokijua, ndugu yangu. Niambie unachokiona." Na watu wa mapokezi, jamani, ni wapweke. Wakipata wa kuwauliza habari wanamwaga yote.

Basi siku moja akaingia Mama Mkunga. Alikuwa amestaafu, lakini nusu ya mji ilipita mikononi mwake, Kaonakote akiwemo, na kila wakikutana lazima amkumbushe.

"Wewe ulitanguliza miguu," akasema akivuta kiti. "Nikajua tu, huyu atakuwa msafiri. Sasa nisikilize, mwanangu. Nimekaa kwenye chumba kimoja cha kuzalishia maisha yangu yote. Nataka kuona watu wengine wanaishi vipi. Ila haya magoti, ngazi hayataki hata kuzisikia. Nitafutie mji tambarare."

Kulikuwa na hoteli mpya, katika mji mmoja wa ng'ambo, ambako bosi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kupeleka watu. Kaonakote akapiga simu. Bwana wa mapokezi, mwenye sauti ya kukwaruza, akachungulia. Akasema anaona uwanja wa mawe, samaki wa chuma anayetema maji, duka la viatu lenye mlango wa buluu, na mama anayeuza maua chini ya mwavuli.

"Na mlima?"

"Sioni mlima."

"Kushoto je?"

"Kushoto kuna nguzo, inaziba. Nikuambie tu kwamba—"

"Unachokiona, ndugu yangu!"

"Basi naona tambarare."

Kaonakote akaridhika. Akamwambia Mama Mkunga kwamba mji ule ni tambarare kama meza, na angeishia hapo yasingemkuta makubwa. Lakini ulimi hauna mfupa. "Mimi mwenyewe niliuzunguka wote kwa viatu vya visigino," akaongeza, wala hakuna aliyemuuliza.

Mama Mkunga akapiga meza kwa furaha. "Basi twende wote! Nitaongea na bosi wako, utanionyesha."

Bosi alikubali kabla sentensi haijaisha. Kaonakote alirudi nyumbani akiwaza. Mama Mkunga akiujua ukweli, mji mzima utaujua, na nani tena atakuja kwenye meza ya mwongo? Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kazi. Ni kwamba yule mama alimwamini, na yeye alimpenda.

Safari yenyewe ilikuwa ya kujikaza. Mkanda wa kiti aliufunga kwa kumchungulia jirani anavyofunga wake. Ndege ilipojitupa juu akaung'ang'ania mkono wa Mama Mkunga.

"Mzoefu mzima unatetemeka?"

"Huwa hivi kila mara, Mama."

Kwenye kugonga muhuri akachagua foleni nyingine kabisa, asije Mama akaiona pasipoti yake ilivyo nyeupe.

Walifika hotelini usiku wa giza. Asubuhi walipotoka mlangoni, Kaonakote alitaka kupiga kelele. Samaki wa chuma yule pale, anatema maji! Mlango wa buluu ule! Na muuza maua kakaa chini ya mwavuli wake, tena anapiga miayo, jambo ambalo hakuambiwa. Nusura amkimbilie amsalimie.

"Ehee, kweli wewe umefika huku," alisema Mama Mkunga, na sifa ile ikamchoma Kaonakote.

"Tushike kulia, Mama."

Nani wa kumpangia mkunga mstaafu njia? Akashika kushoto. Akaipita ile nguzo, akasimama, akainua kichwa taratibu, akaendelea kukiinua.

"Kaonakote!"

Palikuwa na mlima. Si kilima, mlima hasa, umejengwa nyumba juu ya nyumba, na ngazi za mawe zikipanda katikati mpaka shingo inauma. Wageni wote waliokuja kuutembelea mji ule walikuwa wanapanda huko. Uwanjani chini hakubaki mtu, isipokuwa muuza maua.

"Huu mlima umeota lini?" aliuliza Mama Mkunga.

Kaonakote alifungua mdomo atafute uongo mwingine, akakuta ghala tupu. "Sijawahi kufika huku, Mama," akasema. "Sijafika popote." Akaeleza yote, simu, dirisha, nguzo, huku machozi yanamtoka.

Mama Mkunga akakaa kwenye ngazi ya chini, akavua kiatu, akasugua mguu.

"Kwa hiyo nimeyaleta magoti yangu nchi za watu kwa ajili ya dirisha la mtu mwingine," akasema. "Visigino! Visigino gani? Panda. Panda ukaone kwa macho yako, ushuke uniambie. Na ole wako uniongezee chumvi."

Akapanda. Alikusudia kukariri kila kitu kama alivyowafundisha watu wa mapokezi, ila akasahau. Mwanamke alikuwa anavuta kamba ya nguo iliyotoka dirishani kwake hadi dirisha la ng'ambo ya njia, na Kaonakote akasimama kushangaa anayesubiri upande wa pili ni nani. Kinyozi alikuwa amesinzia kwenye kiti chake mwenyewe. Palinukia mbao mbichi. Alipofika juu kabisa upepo ukampiga usoni, na mbele yake, baada ya mapaa yote yale, akaona mlima mwingine, na nyuma yake mwingine, na yote ilikuwa na madirisha. Akabaki amesimama.

Aliposhuka, Mama Mkunga alikuwa anamngoja. "Haya. Sema."

"Huko juu... kuna upepo."

"Upepo."

"Na watu wana... wanaanika nguo. Halafu..." Akainua mikono, akaishusha. "Mama, sijui nisemeje."

Mama Mkunga akaanza kucheka, cheko la chini chini lililomtikisa mabega. "Hukufika, ulikuwa na maneno kama kasuku. Umefika, umekuwa bubu! Ndivyo walivyokuwa wote niliowazalisha. Wakishajifungua nawauliza, mwenzangu, inakuwaje? Wananitazama hivyo hivyo, kama wewe. Mwenye maneno nilikuwa mimi. Leba nzima nawaeleza, sasa itauma hivi, sasa itaachia, vumilia. Wananiuliza, Mama, kwako ilikuwaje? Nawajibu."

"Uliwajibu nini?"

"Nilichosikia kwa wenzao." Akafuta macho kwa kitambaa. "Mimi sijazaa hata mmoja, mwanangu. Nusu ya mji wananiita Mama."

Kaonakote akakaa ngazi ile ile, bega kwa bega naye. Wageni waliwapita wakipanda na wengine wakishuka.

Kisha Mama Mkunga akavaa kiatu chake, akamshika mkono kwa nguvu.

"Nipandishe."

"Mama, magoti!"

"Yaume. Na yakiuma usinieleze yanavyouma."