Pale Sindano Iliporuka

Nimekaa miji mingi kuliko viatu nilivyowahi kumiliki, na kila mji nilijifunza kazi nusu. Nusu umakanika, nusu uokaji wa mikate, nusu uchoraji wa mabango. Kitu kimoja tu nilikifanya kikazaa: nilimletea mdogo wangu santuri.

Nilikuwa na miaka ishirini, narudi nyumbani mara ya kwanza. Niliinunua kwa muuza mitumba. Ndani yake mwanamke wa Kibrazili aliimba taratibu juu ya gitaa, kama mtu anayekupa siri na jirani yuko nyuma ya ukuta. Niliitia kwenye begi pamoja na spana zangu. Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.

Tulipoiweka kwenye gramafoni ya baba, wimbo wa tatu ulifika katikati, sindano ikaruka. Mapigo matatu yakamezwa.

"Kaka, mbona imeruka?"

Mkwaruzo niliuona, na spana iliyoufanya niliijua. Lakini nilikuwa nimetoka safari, nimejaa sifa. "Haijaruka," nikasema. "Kule ndivyo wanavyoimba. Wewe hujatembea, utajuaje?"

Akaamini. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mimi ndiye kaka mkubwa.

Aliusikiliza wimbo ule mpaka baba akaificha sindano. Lugha ya mle hakuijua hata salamu, basi akautilia maneno yake mwenyewe, ya mwanamke anayeanua nguo mvua inakuja. Sauti haikuwa kubwa. Mama alikuwa akiuliza kutoka jikoni, "Huyo anaimba, au anamtafuta paka?" Lakini kwenye yale mapigo matatu aliruka kila mara, bila kusita, kama mtu anayeruka kidimbwi cha mlangoni kwake.

Kwa sauti hiyo hiyo ndogo akapata kazi hotelini, saa za chai ya alasiri, akakaa miaka arobaini. Wateja wakamwita Mnong'ono. Kila mpigaji mpya alipotea kwenye mruko. Mpiga besi mmoja alibeba besi lake akaondoka, akisema hawezi kufanya kazi na mtu asiyejua kuhesabu. Mnong'ono akamfuata mpaka mlangoni: "Kaka yangu amefika wanakoimba hivi. Wewe umefika wapi?"

Niliposimuliwa hayo, niko mbali, nilicheka, kisha chakula kikanishinda. Lakini wimbo wenyewe haukuwa na jina kubwa. Nani angejua?

Aliyevumilia ni mpiga gitaa mmoja, mtu mpole. Huyo ndiye shemeji yangu.

Mwaka huu daktari aliona uvimbe kooni mwa Mnong'ono. Si wa kuua, alisema, ila utatolewa Jumatatu, na sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Na mdogo wangu alikuwa hajarekodi hata wimbo mmoja maishani. Shemeji akanipigia simu. "Ijumaa anarekodi wimbo wake. Shemeji, safari hii njoo."

Nikaja.

Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la mafundi cherehani, kuta zimebandikwa trei za mayai. Walirekodi mchana tu, mafundi wakienda kula, maana cherehani zilikuwa zinaingia kwenye maikrofoni. Tulikuwa na muda wa saa moja tu, basi. Fundi sauti, mwanamke aliyefunga miwani yake kwa waya, alikuwa ameutafuta ule wimbo wenyewe wa Kibrazili akaupata kwenye simu.

"Mama, nina zawadi yako," akasema, akaufungulia.

Ukapita katikati bila kuruka.

Mnong'ono akaomba urudiwe. Ukapita tena, umenyooka. Akavua hedifoni, akaiweka kwenye kiti.

"Kumbe yule wa besi alikuwa sahihi. Miaka arobaini nawaimbia watu kosa." Akachukua mkoba. "Siimbi. Kosa lisiwe ndilo nitakaloliacha."

Akatoka, akakaa kwenye benchi la dukani katikati ya vitambaa. Ilikuwa saa saba na robo.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Mimi mwongo nilipewa miaka. Nikasimama mbele yake, kofia mkononi.

"Mdogo wangu, santuri niliikwaruza mimi. Kwa spana. Na nilijua siku ileile."

Alinitazama. Kisha akavua kiatu, akanipiga nacho begani, mara moja, ya haki.

"Na kule? Kule ulikosema wanaimba hivyo, ulifika?"

"Nilifika kituo cha mabasi, mji wa tatu kutoka hapa."

"Mungu wangu! Nimemfukuza mtu na besi lake kwa sababu ya kituo cha mabasi!"

Akajaribu kukaza uso. Mabega yakamsaliti kwanza, halafu kicheko chenyewe.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na gitaa. "Mke wangu, siku yangu ya kwanza nilianguka kwenye mruko wako mara saba. Ukaniambia niwe nawahi saa moja kabla ya kazi, tufanye mazoezi."

"Ukawahi mwezi mzima."

"Ndiyo. Mruko niliushika siku ya pili."

Mnong'ono akabaki na kiatu mkononi. "Mtu mzima huna haya," akasema, lakini taratibu, kwa ile sauti yake ya kuimbia. Akavaa kiatu. "Saa ngapi?"

"Nane kasoro kumi."

Fundi sauti akauliza kama tuupige ule ulionyooka.

"Ulionyooka una mwenyewe. Huu ni wangu. Na wewe, kaka, simama pale ninapokuona."

Akaimba mara moja tu. Mwanamke akaanua nguo, mvua ikakaribia, na walipofika pale wakaruka pamoja, Mnong'ono na mumewe. Mguu wa fundi sauti, uliokuwa ukihesabu, ukabaki umening'inia hewani.

Noti ya mwisho ilikuwa bado haijafa, cherehani ya kwanza ikaanza kunguruma nyuma ya ukuta.

"Imeingia kidogo, mama," akasema fundi sauti. "Niikate?"

"Iache," akajibu, sauti imeshakwaruza. "Wakiuliza, kaka atawaambia kule ndivyo wanavyoimba."