Shimo la Kwanza Baada ya Dhoruba

Dhoruba ya Januari ilikula shimo letu la kwanza la gofu. Jumapili tulipotoka kanisani tulikuta bahari imeingia mpaka kwenye ua wa kondoo wa Lachie. Pale tulipozoea kusimama na kupiga mpira wa kwanza palikuwa na mwani na nusu ya benchi. Tulimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia. Kisha, kabla hatujafika hata kwenye geti la kanisa, watu wakaanza kugombania shimo jipya litakuwa wapi.

Kisiwa chetu ni kidogo na uwanja wetu wa gofu ni mdogo zaidi, una mashimo tisa tu, na kondoo wanalisha humo bila kuuliza ruhusa. Mashimo manane yaliyobaki yalikuwa salama. Lakini kuanza mchezo kwenye shimo la pili ni kama kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Umo ndani, ndiyo, ila hakuna aliyekukaribisha.

Mpaka Machi mabishano yalikuwa yamebakiza mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa shamba la kanisa, lenye uwanda mpana unaoteremka taratibu, bila maji, bila mchanga, na bendera unaiona tangu unapoanza. La pili lilianzia juu ya kilima kidogo kando ya banda la klabu. Hapo mbele yako kuna kijito chenye kingo ndefu, upepo wa bahari unakupiga kifuani, na nyuma yako kuna madirisha ya banda ambapo watu wote wanakunywa chai wakikutazama mgongo.

Dolina, nahodha wetu wa mwaka ule, ambaye pia ndiye dereva wa basi la shule, alitaka kijito.

"Shimo la kwanza ni mlinzi wa getini," aliniambia dukani, akiwa ameshika kabichi. "Lazima akuulize unakwenda wapi."

"Mimi nilidhani ni mwenyeji," nikamjibu. "Anakukaribisha uketi, upumzike kidogo."

"Ukishaketi, Effie, nani atacheza gofu?"

Lachie alikuwa nyuma yetu kwenye foleni. "Mimi sina neno," akasema, "mradi lisielekee jua la asubuhi. Lile la zamani nilikuwa napiga mpira nimefumba macho. Mchungaji alidhani naomba."

"Ulikuwa unapaswa kuomba," Dolina akasema. "Tuliokuwa mbele yako tuliomba sana."

Tunayo desturi moja ambayo wageni hawaielewi. Ukitumbukiza mipira mitatu majini kwenye shimo la kwanza, siku hiyo mchezo wako umekwisha. Unarudi bandani, unatia birika motoni, na kuwaandalia wenzako chai na skonzi mpaka watakaporudi. Hakuna anayekupa pole. Kwetu kumpa mtu pole uwanjani ni kosa kubwa kuliko kukosa mpira.

Mimi nilitaka shamba la kanisa kwa sababu ya mume wangu.

Torquil alipata kiharusi mwezi wa Oktoba. Kwa rehema za Mungu ulimi wake ulirudi, na mguu ukarudi. Mkono wa kulia nao ulirudi, lakini kama kibarua mvivu: anafika kazini, ila ukimpa kazi anatazama pembeni. Rafiki zake walikuja kumwona, na wote walizungumza naye kwa sauti kubwa kana kwamba yuko ng'ambo ya maji. Lachie, ambaye amecheza naye tangu wote wawili wana nywele, aliinama akamfunga kamba za viatu bila kuambiwa. Baada ya siku ile Torquil akaacha kutoka nje.

Halafu asubuhi moja nikakuta mfuko wake wa fimbo za gofu umesimama mlangoni.

"Hizo ziende kwenye mnada wa kanisa," akasema.

"Daktari amesema unaweza kucheza."

"Daktari hachezi gofu."

Nilimbembeleza siku kadhaa. Mwisho akakubali jambo moja. Wanachama walikuwa wamepanga Jumamosi ya kujaribu mashimo yote mawili na kupiga kura papo hapo. Angekwenda siku hiyo. "Nikiona sifai tena," akasema, "Dolina achukue mfuko aupeleke mnadani, na wewe usiniimbie wimbo."

Kwa hiyo mambo kwangu yalikuwa wazi. Mbele ya kijito, kwa mkono ule, angeshindwa hadharani na fimbo zingeuzwa. Katika shamba la kanisa angeweza kuubiringisha mpira mpaka kwenye bendera, akajiona bado ni mtu wa gofu. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiomba kura. Nilibeba keki za shayiri ili nisionekane naomba kura.

Jumatano wanawake walikuja kwetu kwa maombi, kama kawaida. Torquil alikuwa jikoni. Zamu yangu ilipofika nilifumba macho, na naamini nilianza vizuri.

"Bwana," nikasema, "wewe unayewaonea huruma wanyonge, waangalie wale wanaotaka kuwawekea maji njiani."

Nikasikia kiti cha Dolina kikilia. Akadakia kabla sijasema amina.

"Bwana, watu wako wa zamani hawakukuomba uuhamishe mto. Walikuomba wavuke."

"Na wapo, Bwana," nikasema, "wasioyajua majonzi ya jirani zao."

"Na wapo, Bwana, wanaoyajua mno, mpaka jirani hawezi kupumua."

"Wafungue macho, Bwana."

"Nimeyafungua, Bwana, na yeye amefungua lake moja, ananitazama."

"Amina!" akasema mke wa mchungaji, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango mbwa wasiingie.

Usiku ule tulikula samaki na viazi kimya. Nilidhani Torquil amechoka. Kumbe mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

"Mke wangu."

"Abee."

"Huyo mnyonge ni nani?"

"Nilikuwa naomba kwa ujumla."

"Mungu umemwambia, sawa. Yeye alikuwa anajua." Akaweka uma chini. "Lakini umemwambia Dolina!"

"Nataka usiaibike."

"Tangu Oktoba hakuna mtu aliyeniacha niaibike," akasema. "Hata Lachie. Nilimwibia pointi kwenye karata wiki iliyopita, akaniona, akanyamaza. Lachie! Mtu aliyegombana na kaka yake miaka mingi kwa ajili ya kondoo mmoja!"

Nilikwenda kulala nikaomba tena, safari hii kimya, lakini niliomba jambo lile lile. Sikuwa na lingine.

Jumamosi ilikuwa na jua na upepo mkali. Tulianza na shamba la kanisa. Walicheza watu kadhaa, wote vizuri, na wakarudi wakizungumza habari za bei ya sufu. Kisha Torquil akasimama mahali pa kupigia. Watu wote wakanyamaza. Hata kondoo mmoja aliyekuwa anatafuna aliacha.

Fimbo ilishuka kwa mshazari, mpira ukakwaruza nyasi na kuanza kubiringika. Ukabiringika na kubiringika, maana mteremko ulikuwa unamfanyia kazi, ukasimama katikati kabisa.

Makofi yakalipuka. Yalikuwa marefu mno. Mtu mmoja akapiga mluzi. Lachie akamwendea, akampigapiga begani. "Safi sana, mzee wangu! Safi sana! Umeona? Umeona ulivyoweza?"

Ni sauti ile ile aliyomsemesha nayo mjukuu wake alipokaa kwenye poti kwa mara ya kwanza.

Torquil alimaliza shimo lile bila kosa kubwa. Alipoinama kuuchukua mpira wake, niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuja kwenye mazishi akakuta ni yake, na wageni wote wanamsifu. Akaufuta mpira, akautia mfukoni, akaifunga zipu ya mfuko wa fimbo. Jambo nililoliomba nilikuwa nimepewa lote, na lilikuwa linamwondoa pale uwanjani mbele ya macho yangu.

"Torquil!" Dolina alimwita kutoka kwenye kilima. "Unakwenda wapi? Siku haijaisha. Au shimo moja linakutosha kama wazee wa bara?"

Akasita. Akapanda kilima polepole, na mimi nikapanda nyuma yake, nikiwa nimejizuia kumshika kiwiko.

Dolina alianza, kama nahodha. Mpira wake wa kwanza ulikwenda majini. Wa pili ukavuka kwa tabu. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu kila mtu alikuwa anakitazama kijito na kuihofia roho yake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Katika shamba la kanisa walikuwa wamemtazama Torquil. Hapa kila mmoja alikuwa na shughuli ya kujiogopea mwenyewe.

Torquil akapiga. Mpira ukapaa kidogo, upepo ukaukamata, ukatumbukia.

"Samaki wameshiba asubuhi," Dolina akasema. "Piga tena."

Akapiga wa pili. Ukatumbukia karibu na ule wa kwanza.

Lachie akasogea mbele. "Mzee wangu, kwa nini usishuke pale chini kidogo? Ni karibu zaidi, na sisi hatuta..."

"Lachie, nyamaza," Dolina akasema. "Akitaka kushuka, miguu anayo."

Torquil alimwangalia Dolina, kisha akaliangalia jiwe kubwa lililo ng'ambo ya kijito. Akabadilisha namna ya kushika fimbo, mkono wa kushoto ukawa ndio wenye kazi na wa kulia msaidizi. Nilifumba macho. Nilitaka kuomba lakini nilikuwa nimepungukiwa na maneno, basi nikabaki tu hapo, mbele za Mungu, bila ombi.

Nilisikia mpira ukigonga jiwe. Nikafumbua. Uliruka juu, juu sana, ukafikiri kidogo, ukarudi nyuma ukaangukia majini.

Watu walitazama viatu vyao. Lachie alikuwa tayari amefungua kinywa kusema neno jema.

Dolina akanyoosha kidole kuelekea banda. "Birika lile pale. Na mimi sitaki maziwa mengi."

Nilimkasirikia Dolina kwa kadiri ya pumzi moja. Kisha nikamsikia Torquil anacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikashuka tumboni, mpaka akalazimika kuiegemea fimbo yake. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu Oktoba.

"Ulitaka ugonge jiwe?" Lachie akamuuliza.

"Nilitaka uvuke, mpumbavu wewe! Haya, zamu yako. Ngoja nione mdomo huo utakavyopiga."

Lachie akatumbukiza mitatu. Ukweli ni kwamba wa tatu ulikwenda nyuma, lakini uliteremka kilima ukafika majini kwa njia zake. Akafuata mwalimu wa shule, naye ikawa hivyo hivyo. Upepo ulizidi, na kila aliyepanda kilima alishuka kwenda bandani, hadi ndani mle walikuwa wanagombania nani ashike birika. Torquil alisema wa kwanza kushindwa ndiye mkuu wa jiko, wengine wakate skonzi. Nilimsikia akimwambia Lachie, "Siagi gani hiyo unapaka? Unapiga rangi mashua?"

"Angalau skonzi yangu imefika mezani. Mpira wako uko wapi?"

"Karibu zaidi na ng'ambo kuliko wako."

"Karibu zaidi na bahari!"

Kura tulizipigia humo humo, chai mkononi. Waliotaka shamba la kanisa waliinua mikono: mchungaji, na mwanamume mmoja aliyekuwa na haraka ya kwenda kumkamua ng'ombe wake. Dolina akauliza kuhusu kijito. Mikono ilipanda pande zote, na wa kwangu nao ukapanda.

Torquil alinitazama kutoka jikoni, kitambaa cha vyombo begani. "Mke wangu, unapiga kura au unafukuza nzi?"

"Napiga kura."

"Na zile keki za shayiri ulizogawa kijiji kizima?"

"Nilikuwa nagawa kwa ujumla," nikasema, na Dolina akapaliwa na chai.

Wiki ya mnada wa kanisa Dolina alifika kwetu na gari la kukusanyia vitu. Nilimpa taa ya zamani na vikombe visivyo na visahani. Mfuko wa fimbo ulikuwa mlangoni, na matope yake yalikuwa bado mabichi. Torquil alikuwa anavaa viatu. Kamba zilimchukua muda, na Dolina alisimama pale akamngoja, akitazama dari.

"Nimekuja kuchukua mfuko," akasema.

"Ngoja nivuke kwanza."

"Hujavuka mpaka leo?"

"Jana niligonga ukingo wa ng'ambo."

"Ukingo si ng'ambo. Na ukivuka, nije kuuchukua?"

Torquil akafikiri, huku akitundika mfuko kwenye bega la kushoto. "Nikivuka nitataka kujua kama ilikuwa bahati."

Akatupita wote wawili, akashika njia ya kilimani. Mvua ilikuwa inaanza kunyunyiza. Nilichukua koti lake, nikafika nalo mpaka kizingitini, na jina lake lilikuwa tayari ulimini. Kisha nikalirudisha koti kwenye msumari, nikamuuliza Dolina kama anataka na meza ile ndogo.