Krimu Niliyompa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na kwa sare za shule hakuwa na mpinzani mtaani kwetu. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, Alhamisi mtoto wako anavaa, na mshono haufumuki hata aruke ukuta. Alishonea sebuleni, cherehani ikiwa chini ya dirisha, binti yake wa miaka mitatu akicheza sakafuni na vipande vya kitambaa. Mtoto huyo tulimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Akiniona tu mlangoni: "Mama mkubwa, umeniletea nini? Mama mkubwa, mbona viatu vyako vinalia?"

Mimi nilikuwa na kibanda cha vipodozi sokoni: mafuta, sabuni, rangi za kucha, nywele za kusuka. Tangu amzae Chiriku, mdogo wangu alikuwa ametoka madoa meusi mashavuni, na yalikataa katakata kuondoka. Wateja wakayafanya utani. Mmoja alimwambia, "Fundi, naona hadi mashavu umeyatia viraka." Alicheka naye, lakini mchana huohuo alikuja kibandani kwangu, akaketi juu ya kreti. Nikamtolea kopo jeupe la krimu kutoka chini ya meza. Halikuwa na maandishi yoyote, ila picha ya ua kwenye kifuniko.

"Paka asubuhi na jioni," nikamwambia. "Zawadi yako hiyo. Baada ya wiki mbili utaniambia mwenyewe."

Wiki mbili hazikuisha. Madoa yalififia, uso ukatakata. Hata mumewe, fundi bomba asiye na maneno mengi, alinipigia simu: "Shemeji, umenirudishia bibi harusi wangu." Nikajiona nimefanya la maana. Nikaendelea kumpa, kopo baada ya kopo, mwaka mzima.

Mimi mwenyewe sikuipaka. Mwanamume aliyekuwa akiniletea makopo hayo alishaniambia, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ukiona mteja anavimba miguu, mwambie apumzike mwezi mmoja, atakaa sawa." Sikumuuliza krimu ya uso inahusiana vipi na miguu. Nilijitia hamnazo.

Aliyeanza kuugua alikuwa Chiriku. Alitokwa na jasho hata asubuhi za baridi. Akawa hataki kutembea; ukimsimamisha anakaa chini, analia kwamba miguu inawaka moto. Viganja vikawa vyekundu kama vilivyomwagiwa maji ya moto, kisha vikaanza kubambuka. Na yule mtoto tuliyekuwa tukimwomba anyamaze, sasa tulimwomba aseme japo neno moja. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya minyoo. Ya pili ilisema ni mzio. Ya tatu ikasema damu imepungua. Dawa ziliisha, mtoto akabaki vilevile.

Siku moja nilimkuta mdogo wangu amempakata, anavipuliza vile viganja.

"Dada, vinamuwasha mpaka anavitafuna. Nifanyeje?"

Na mimi, dada mtu, nikamjibu: "Mpake kidogo ile krimu. Si inalainisha ngozi?"

Akachovya kidole kwenye kopo, akampaka taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, huku akimbembeleza. Akafanya hivyo kila siku kwa karibu mwezi. Halafu asubuhi moja, akiwa anamvalisha, mtoto akakakamaa mikononi mwake, macho yakageuka juu. Degedege. Tukamkimbiza hospitali kubwa.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Aliviangalia viganja vya mtoto kwa muda mrefu. Kisha akainua macho akamtazama mama: uso mweupe, viungo vya vidole vyeusi, vifundo vya miguu vimevimba hadi kamba za ndala zimezama kwenye nyama. Vile vifundo nilikuwa nimeviona wiki tatu kabla. Nilimwambia ni kwa sababu ya kukanyaga cherehani kutwa.

"Mama, usoni unapaka nini?"

"Krimu tu, daktari. Ya kuondoa madoa."

"Na mtoto unalala naye?"

"Ananilalia hapa shavuni. Bila hivyo hapati usingizi."

Daktari akaweka kalamu chini.

Mkojo wao ulipelekwa maabara ya mbali, na majibu yalichukua siku kumi na moja. Ilikuwa zebaki. Hata shemeji alikuwa nayo, kidogo. Daktari alitueleza bila kuzunguka: zebaki ndiyo inayong'arisha uso, inapenya kwenye ngozi, inaingia kwenye damu, inakwenda kukaa kwenye figo na kwenye ubongo. Si lazima mtoto apakwe ndipo imfikie. Shavu la mama linatosha, au taulo, au mto.

"Huyu alipakwa pia?" akauliza.

Mdogo wangu aligeuka akanitazama mimi.

Watu wa afya walikwenda nyumbani na kifaa cha kupimia zebaki, wakakipitisha kila mahali. Kililia kwenye taulo, kwenye mito, kwenye godoro, kwenye nguo za mtoto, hadi kwenye vitambaa vya sare vilivyokuwa vimekunjwa kando ya cherehani. Vyote vikatiwa kwenye mifuko minene na kufungwa. Shemeji alisimama uani, mikono nyuma, akitazama godoro lake likibebwa na watu waliovaa glavu. Wazazi walipokuja kuulizia sare, ikabidi waambiwe. Kabla mwezi haujaisha, hakuna aliyemletea mdogo wangu hata suruali ya kupunguza.

Aliniuliza wodini, Chiriku akiwa amelala katikati yetu.

"Dada, ulikuwa unajua?"

"Nilijua inaondoa madoa."

"Sikukuuliza hilo."

Nikamweleza yote, yule mwanamume na maneno yake ya miguu kuvimba. Nilingoja anipigie kelele, anifukuze, anitukane hata mbele za watu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimfunika mtoto vizuri, akasogeza kiti chake upande ule wa dirishani, akanipa mgongo.

Makopo yote niliyapeleka kwa afisa wa afya, pamoja na namba ya simu ya yule mwanamume. Namba haikupatikana tena. Wiki hiyohiyo mama mmoja alikuja kuniulizia krimu ya ua. Nikamsimulia kila kitu, hadi machozi yakanitoka. Alinipa pole kwa moyo wake wote, kisha akaenda kuinunua kibanda cha tatu kutoka changu. Nilimwona akiitia kwenye mkoba.

Huu ni mwaka wa pili. Figo za mdogo wangu zimegoma, na mara mbili kwa wiki anaunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara. Madoa yamerudi, mapana kuliko yale ya kwanza. Chiriku anatembea kwa kushika ukuta, na maneno aliyobaki nayo hayafiki kumi. Daktari hajawahi kutuahidi kitu, na sisi tumeacha kumuuliza.

Siku za mashine mimi ndiye ninayekaa na mtoto, kwa sababu hakuna mtu mwingine. Shemeji anamleta hadi kwenye benchi la hospitali, anamkalisha kando yangu, anaondoka kwenda kazini bila salamu. Mdogo wangu naye, kabla hajaitwa ndani, ana neno moja tu la kuniambia.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Nawa tena."

Naenda bombani, nanawa tena.