Walisema Ni Mdudu

Mvua za mwezi wa Sawan zikishaanza, hakuna mtu wa kijiji cha Belwa anayemtaja nyoka kwa jina lake. Ukimtaja umemwita, na akiitwa huja. Watu husema kira, yaani mdudu, na kila mtu, kuanzia mtoto anayejifunza kusema hadi kikongwe asiye na jino, anajua ni mdudu gani huyo.

Lalmuni, mhudumu wa afya wa kijiji, alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini mwaka wa kwanza alipopewa picha za kufundishia aliona elimu ni elimu. Akawakusanya wanawake kwenye darasa la shule, akainua picha, akasema, “Nyoka akikuuma…” Hakumaliza. Manrajo, mjane mwenye ulimi mkali kama upupu, aliinuka, akakung'uta sari yake, akatoka. Wanawake kumi na wawili wakamfuata nyuma kama bata. Jioni wakampelekea ujumbe mume wa Lalmuni amfunge mkewe mdomo kabla hajawaletea msiba.

Basi mkutano uliofuata Lalmuni alisema mdudu. Manrajo akakaa. Tena alikaa akauliza, “Na mdudu akimuuma mwenyekiti wa kijiji, atakufa nani, mwenyekiti au mdudu?” Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo watu hawakutosha kwenye mikeka. Lalmuni akawafundisha yote. Lala kitandani, chandarua ukichomeke chini ya godoro. Usitoke kwenye giza bila tochi. Nafaka usiiweke unapolala, maana panya huifuata nafaka na mdudu humfuata panya. Ukiumwa usifunge kamba, usichanje, usinyonye, na usiende kwa Sukhari mganga. Tulia, usikitumie kiungo kilichoumwa, ubebwe moja kwa moja hadi kituo cha afya. Wanawake waliyaimba hayo wakitwanga mpunga. Mkubwa mmoja alikuja kutoka wilayani, akatazama daftari la mahudhurio, akasema vijiji vingine vije vijifunze Belwa. Lalmuni alivimba kichwa kidogo. Nani asingevimba?

Aliyeimba kuwashinda wote alikuwa Ramsakhi, mke wa mwana wa Manrajo, jirani yake Lalmuni wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na binti wa miaka mitatu, na mumewe alikuwa mji wa mbali wa Surat kwenye viwanda vya nguo. Nyumba yao ilikuwa na kitanda kimoja na chandarua kimoja. Manrajo na mjukuu walilala humo, na Ramsakhi alilala chini kwenye mkeka, kwa sababu mke wa mwana hawezi kulala kitandani mbele ya mama mkwe wake. Ramsakhi mwenyewe alilisimulia hilo akicheka. Lalmuni alimwambia atamtafutia chandarua cha pili. Alisema hivyo mwezi wa tano, na Sawan ikaingia bado anatafuta.

Asubuhi ya siku ile Lalmuni alikuwa ameshavuka mfereji na muuguzi wa kituo kwenda kuchanja watoto wa vitongoji vya ng'ambo. Ramsakhi aliamka tumbo linamkata. Alipokunja mkeka akamwona, mweusi mwenye pete nyembamba nyeupe, anajivuta taratibu kuelekea nyuma ya pipa la mchele. Kwenye kiwiko chake palikuwa na vidoa viwili, kama vya mwiba, wala havikuuma. Manrajo naye aliona. Kwanza alimwekea mdudu yule viganja pamoja na kumwinamia, kama alivyofanya mama yake. Kisha akafanya jambo ambalo hata Lalmuni asingelitegemea: akaita bajaji, akampandisha Ramsakhi na kumwambia asiuchezeshe mkono.

Njia ya kituoni inapita mlangoni kwa Sukhari. Mganga alikuwa amekaa kizingitini anasugua meno kwa kijiti cha mwarobaini.

“Mama, umepotea?” aliuliza. “Mlango ni huu.”

“Sijapotea,” Manrajo alijibu, wala hakumwambia dereva apunguze mwendo. “Lalmuni ametufundisha.”

Daktari wa kituo alikuwa kijana wa kusini ya mbali, ana mwezi mmoja na nusu pale. Kihindi alikuwa amekisoma kwenye vitabu, na Kibhojpuri, lugha ya Belwa, alikuwa hana hata neno la kuombea maji. Manrajo alimwambia kira amemuuma mke wa mwanawe. Daktari akauliza, mdudu gani? Manrajo akasema mdudu, mdudu yule, akainua nyusi na kumkazia macho kama tunavyofanya sote kwa mtu mzima mwenye akili zake. Daktari alifikiria tandu, au nyigu. Akaomba kuona. Ramsakhi, mbele ya mwanamume mgeni na mama mkwe wake, alikuwa ameshusha upindo wa sari hadi kidevuni. Alitoa mkono tu. Vidoa viwili, hakuna uvimbe. Foleni ilikuwa imefika getini. Wakapewa sindano ya mwasho na vidonge vya tumbo, wakaambiwa waende.

Lalmuni alirudi saa tano. Manrajo alimpokea mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha.

“Tumefanya kama ulivyosema, mwanangu. Hatukufunga, hatukuchanja, Sukhari tumempita huku anatuangalia. Wamemdunga sindano, amelala.”

Lalmuni alimshukuru Mungu, kisha akauliza zilitundikwa chupa ngapi za dawa ya sumu.

“Chupa gani?”

Aliingia mbio, akaufunua ule upindo wa sari. Kope za Ramsakhi zilikuwa zimeanguka, akawa anajaribu kuinua kidevu ili aone kwa chini ya kope. “Usingizi tu, dada,” alisema, na sauti ilimtokea puani. Maneno mengine hayakueleweka.

Matope yaliishika bajaji mara mbili wakirudi kituoni. Nusu ya njia Lalmuni alikuwa amemwekea mdomo mdomoni akimpulizia pumzi, na walipofika getini alikuwa anampulizia maiti. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa imejaa kwenye friji, hatua nane kutoka benchi alilokalia Ramsakhi asubuhi. Hatua hizo Lalmuni alizihesabu baadaye, kwa miguu yake.

Daktari akauliza, “Kwa nini hawakuniambia ni nyoka?”

“Walikuambia.”

“Waliniambia mdudu.”

“Ndiyo,” alisema Lalmuni. Alitamani kumzaba kofi, mkono haukuinuka. “Ndivyo nilivyowafundisha.”

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, huyu alisikia. Alisikia kila neno, akaliimba, akalishika, na maiti yake wakaichoma ukingoni mwa mto kabla ya jua kutua. Sukhari hakuhitaji kusema lolote. Alikaa tu kizingitini na kijiti chake mdomoni. Wiki mbili baadaye mkulima mmoja aliumwa na nyoka wa majini asiye na sumu, akapelekwa kwa Sukhari, akapuliziwa majivu, akarudi shambani siku hiyo hiyo. Habari hiyo ilienea Belwa yote. Kwamba nyoka yule hana sumu, hilo halikuenea.

Msiba ulipokwisha Lalmuni alifungua darasa, akatandika mikeka yote. Walikuja watu watano. Aliinua picha yake, mvua inapiga paa, akasema kwa sauti, “Nyoka.” Wanne waliinuka, wakatoka bila kumwangalia. Manrajo alibaki, amempakata mjukuu.

“Nyoka,” Manrajo alisema. Alilitoa polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akangoja. Hakuna kitu kilichoingia mlangoni.

Lalmuni alianza kulia, akamwomba amsamehe.

“Nisikilize kwanza,” alisema Manrajo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. “Mimi mjinga, nilimwogopa yule mnyama, nikamficha jina. Wewe umesoma. Picha yake unaibeba kwapani. Wewe ulikuwa unamwogopa nani?”

Daftari la mahudhurio lilikuwa mezani, kurasa za mwaka uliopita zimejaa alama za vidole gumba hadi pembeni. Lalmuni alilitazama, akalifunga. Jibu alikuwa nalo, na aliyeuliza alilijua, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka na kutoka mwaka ule.

Mtoto akauliza nyoka ni nini. Manrajo alinyoosha mkono, akaomba ile picha, akamwonyesha.